Mchonga mawe na daftari la mahudhurio

Mwaka 706 H (1306) watu wa hadithi, yaani masimulizi ya maneno na matendo ya Mtume, wa Damascus walikuta, katika hati kongwe za vikao vya usomaji, jina la mtu aliyekuwa bado hai. Alikuwa Ahmad bin Abi Talib, maarufu kwa jina la al-Hajjar, yaani mchonga mawe, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya: kwa miaka ipatayo 25 alikuwa mkuu wa wachonga mawe katika ngome ya mji. Hati ilisema kwamba mwaka 630 H (1233), miaka 76 ya Hijria nyuma, Ahmad huyo alikuwa miongoni mwa waliokaa katika Msikiti wa Muzaffari, chini ya mlima Qasiyun, wakasikiliza Sahihi ya Bukhari, mkusanyo mashuhuri wa hadithi, mbele ya Ibn al-Zabidi, shehe aliyekuja kutoka Baghdad. Waliobaki hai kati ya waliomsikiliza Ibn al-Zabidi walikuwa wa kuhesabika. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Sitt al-Wuzara, na yeye alifariki mwaka 716 H.

Basi mzee wa nyundo na patasi akakalishwa mahali pa shehe. Tangu siku ile hadi kufa kwake, mwezi wa Safar 730 H (1329), Bukhari ilisomwa mbele yake zaidi ya mara sitini, Damascus na Kairo. Sultani al-Nasir Muhammad alimsikiliza, akamvika joho kwa mkono wake mwenyewe. Ibn Kathir, mwanahistoria na mfafanuzi wa Kurani, ni mmoja wa waliokaa mbele yake.

Mtu wa leo atauliza: mzee huyu alijua nini? Kwa habari ya fiqhi, lugha na ufafanuzi wa vitabu, pale Damascus walikuwepo mamia waliomzidi, na wengine walikuwa wamekaa miguuni pake. Hawakuja kuelezwa maana ya hadithi. Kitabu walikuwa nacho nyumbani. Alichokuwa nacho al-Hajjar na wao hawana ni sikio lililokuwepo mwaka 630, pamoja na karatasi ya kulithibitisha.

Ndiyo maana naona masimulizi ya kawaida kuhusu wanachuoni wasafiri, yale ya taa ya elimu kutoka Qurtuba hadi Samarqand, huruka kiini cha jambo. Maarifa yaliweza kusafiri ndani ya sanduku, yakibebwa na mfanyabiashara asiyejua kusoma. Kilichohitaji miguu ya mtu ni haki ya kusema "nimesikia kwa fulani", na haki hiyo ilisimama juu ya daftari. Aliyekaa pembeni akiandika majina ya waliohudhuria alibeba mzigo mkubwa kuliko tunavyompa sifa.

Tazama mnyororo wenyewe. Ibn Battuta alifika Damascus tarehe 9 Ramadhani 726 H (Agosti 1326), kijana wa miaka 22, akamkuta al-Hajjar katika Msikiti wa Bani Umayya. Anasema alisikiliza Sahihi yote kwa vikao 14, kuanzia katikati ya Ramadhani hadi tarehe 28, msomaji akiwa al-Birzali, mwanahistoria wa mji. Kisha anaitaja sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi, pamoja na miaka yake. Al-Hajjar alisikia kwa Ibn al-Zabidi mwaka 630. Ibn al-Zabidi alisikia kwa Abul-Waqt al-Sijzi huko Baghdad, mwishoni mwa 552 na mwanzoni mwa 553. Abul-Waqt alisikia kwa al-Dawudi mwaka 465 mjini Bushanj. Al-Dawudi kwa al-Sarakhsi mwaka 381. Al-Sarakhsi kwa al-Firabri mwaka 316. Al-Firabri kwa Bukhari mwenyewe, mara mbili, 248 na 253. Kutoka 253 hadi 726 ni miaka 473 ya Hijria, na kati ya Bukhari na Ibn Battuta wamesimama watu sita tu. Hatua fupi kuliko zote ina miaka 63, na ndefu kuliko zote, ile ya al-Hajjar, ina miaka 96.

Watu sita kwa karne karibu tano hawapatikani kwa bahati. Walitafutwa. Wataalamu wa hadithi waliamini kwamba kila mpokezi anayeongezeka ni mlango mwingine wa kosa, hivyo sanadi yenye watu wachache, waliyoiita sanadi ya juu, ilikuwa mali. Na njia ya kuipata ni hesabu nyepesi: mchukue mtoto mdogo kabisa, mpeleke kwa mzee mkongwe kabisa, halafu omba Mungu mtoto aishi sana. Al-Dawudi alizaliwa 374, kwa hiyo mwaka 381 alikuwa na miaka saba hivi mbele ya al-Sarakhsi aliyekaribia tisini na aliyefariki mwaka uleule. Abul-Waqt alizaliwa 458, naye akapelekwa kwa al-Dawudi akiwa na umri huohuo, wakati al-Dawudi amevuka miaka tisini. Ibn al-Zabidi naye alikuwa mtoto Abul-Waqt alipoingia Baghdad.

Safari ya Abul-Waqt tunayo kwa maneno yake. Uzeeni alimsimulia mwanafunzi aliyemfuata kwa miguu hadi pembezoni mwa Kirman. Baba yake, Isa, alimtoa Herat kwenda Bushanj, mji ulio upande wa magharibi, kwa miguu, naye hajafika miaka kumi. Alimpa mawe mawili ayashike mikononi. Mtoto akionekana kuchoka, baba humwambia atupe moja. Anasikia wepesi, anaendelea. Akichoka tena anaulizwa, "Umechoka?" naye kwa kumwogopa baba hujibu hapana. "Basi mbona unajikokota?" Anakazana kidogo mbele yake, nguvu zinamwishia, baba analichukua lile jiwe la pili na kulitupa. Mwishoni huanguka, na hapo ndipo baba humbeba. Wakulima waliowakuta njiani walijitolea kuwapandisha wanyama hadi Bushanj. Isa alikataa, akisema hawatapanda mnyama katika kuitafuta hadithi ya Mtume. Mbinu yake ya mawe ni ya mtu anayewajua watoto: mzigo usio na faida yoyote isipokuwa ile raha ya kuutua. Na safari ile ya utotoni ilizaa matunda miaka 88 baadaye, mzee alipoingia Baghdad na watu kumjia kwa wingi. Alifariki humo mwezi wa Dhulqaada 553, akiwa anajiandaa kwenda hija.

Sasa kikao kilivyokwenda. Kwa kitabu kikubwa kama Bukhari, shehe mara chache alisoma mwenyewe. Sauti ya mtu wa miaka tisini haihimili. Alisoma msomaji maalumu, mwenye ulimi mwepesi na anayeyajua majina ya wapokezi, maana majina hayo ndiyo yanayopotosha: kwa maandishi ya Kiarabu yasiyo na irabu wala nukta, majina mawili tofauti huonekana sawa. Shehe alishika nakala yake ya asili, au ilishikwa na mtu mwaminifu aliye karibu naye, na wengine walifuatilia katika nakala zao. Aliyesikia shehe akisoma kwa kinywa chake alikuwa na haki ya kusema "haddathana", ametuhadithia. Waliosomewa mbele ya shehe, wengi walishikilia waseme "akhbarana", ametupa habari. Maneno haya yalirudiwa maelfu ya mara katika kitabu kimoja, kwa hiyo waandishi waliyakata: la kwanza likabaki "thana" au "na" tu, la pili "ana". Anayefungua mswada bila kuijua desturi hii hukwama ukurasa wa kwanza.

Vikao vya imla vilikuwa jambo lingine. Humo shehe alitamka na watu wakaandika, na msikiti ukijaa alihitajika mtu wa kupaza sauti, mustamli, aliyesimama mahali pa juu na kuyarudia maneno ili yafike nyuma. Kundi likizidi waliwekwa kadhaa, kila mmoja akipokea kwa mwenzake. Hapo likazuka swali lililowagawa: aliye nyuma, ambaye hakulisikia neno ila kwa mustamli, je, amesikia kwa shehe? Wapo waliolegeza, na wapo waliomtaka aseme wazi kwamba neno fulani alilithibitishiwa na fulani.

Kasi je? Ibn al-Salah, mkuu wa kwanza wa Dar al-Hadith al-Ashrafiyya, chuo kilichofunguliwa Damascus mwaka uleule wa 630, alihesabu hadithi za Bukhari kuwa 7,275 pamoja na zinazojirudia. Zigawe kwa vikao 14, unapata karibu 520 kila kikao. Ni mwendo wa haraka lakini unawezekana. Al-Khatib al-Baghdadi (alifariki 463 H, 1071) alikwenda mbio zaidi. Mwaka 423 H Ismail al-Hiri wa Nishapur alifika Baghdad na shehena ya vitabu, akikusudia kwenda Makka na kukaa huko. Njia ya hija ikawa si salama, msafara ukarudi, naye akajiandaa kurejea kwao. Al-Khatib akaiona fursa: katika vitabu vile imo Bukhari ambayo Ismail aliisikia kwa shehe al-Kushmihani. Akamsomea yote kwa vikao vitatu. Viwili vilikuwa vya usiku, Magharibi hadi Alfajiri. Cha tatu kilianza asubuhi jua limepanda, kikaenda hadi Magharibi, kisha tena hadi Alfajiri. Al-Dhahabi, aliyeishi karne tatu baadaye, alisema hamjui mtu wa zama zake awezaye kufanya hivyo. Al-Khatib huyohuyo, alipokwenda hija, aliisoma tena kwa siku tano mbele ya Karima al-Marwaziyya, bibi mwanachuoni aliyeweka makao Makka na ambaye naye alikuwa ameipokea kwa al-Kushmihani.

Karima anafaa kutajwa kwa sababu nyingine: alipohadithia alitaka nakala ilinganishwe na asili yake. Wataalamu waliliita jambo hili muqabala, na waliona kitabu kisicholinganishwa hakina hadhi yoyote. Utaratibu wao bado unaonekana katika miswada. Mwandishi alimaliza kila hadithi kwa kuchora duara dogo, akaliacha tupu. Siku ya kulinganisha, kila hadithi iliyohakikiwa ilitiwa nukta ndani ya duara lake. Ukifungua ukurasa ukakuta maduara matupu, umeambiwa: hapa hapajahakikiwa. Neno lililorukwa halikubanwa juu ya mstari. Mstari mwembamba ulichorwa pale lilipopaswa kuwa, ukapinda kuelekea pambizoni, na huko likaandikwa neno lenyewe likifuatwa na "sahha", ni sahihi. Pale kikao kilipokomea iliandikwa "balagha", imefika, ili kesho msomaji ajue pa kuanzia na kila mmoja ajue alihudhuria vikao vipi.

Na ndipo lilipokuja daftari. Mwisho wa kitabu, au mwisho wa kila juzuu, au hata kwenye ukurasa wa jina kama nafasi imekwisha, iliandikwa hati ya usikilizaji. Zimebaki nyingi sana. Za Damascus peke yake, za kati ya miaka 550 na 750 H, zaidi ya elfu moja zimekusanywa na kuchapishwa. Zinafanana. Kwanza shehe na jinsi yeye alivyokipokea kitabu. Halafu msomaji. Halafu waliohudhuria, mmoja mmoja, kwa jina lake, la baba na la babu, na nisba ya mji au kazi. Humo utakuta makadhi na waoka mikate, wanawake waliokuja na mabinti zao, na watumwa walioandikwa pamoja na majina ya mabwana zao. Halafu mahali, tarehe, idadi ya vikao na jina la mwandishi wa hati. Chini kabisa shehe, au mtu kwa niaba yake, alitia mkono kwamba hayo ni kweli.

Wepesi wa kuwaandika watoto ulikuwa na kanuni. Aliyetimiza miaka mitano aliandikwa "samia", amesikia. Aliyekuwa chini ya hapo aliandikwa "hadhara", amehudhuria, pamoja na umri wake: yuko katika mwaka wake wa tatu, wa nne. Miaka mitano ilitokana na Mahmud bin al-Rabi, sahaba aliyekumbuka Mtume kumpulizia maji usoni akiwa na umri huo. Wapo waliosema umri hauna maana, kinachotakiwa ni mtoto aelewe anaposemeshwa. Hoja yao ina nguvu, lakini mwandishi wa majina alihitaji kitu kinachohesabika, na tano ikashinda.

Waliokosa pia waliandikwa. Mtu akichelewa, akitoka au akisinzia, mwandishi mwaminifu alitaja alichokosa: kutoka mlango fulani hadi mlango fulani. Nikisoma Ibn Battuta anavyosema kwamba Ramadhani ileile ya Damascus alipatwa na homa, natamani kuiona hati ya vikao vile 14 na kilichoandikwa mbele ya jina lake.

Kitabu chenye hati hakikuwa tena cha mwenyewe peke yake. Kama jina langu limeandikwa katika nakala yako, nakala hiyo ni ushahidi wangu, na bila kuinakili siwezi kuhadithia. Kesi zilifika mahakamani. Kadhi wa Kufa, Hafs bin Ghiyath, aliletewa mtu aliyelalamika kwamba mwenzake anamnyima kitabu. Akamwamuru mshitakiwa alete vitabu vyake. Palipoandikwa jina la mlalamikaji kwa mkono wa mwenye kitabu, alilazimishwa kukiazimisha, kwani kwa kuandika amekiri. Palipoandikwa na mlalamikaji mwenyewe, aliachiliwa. Al-Zuhri alikuwa amekwisha kuonya juu ya watu wanaovishikilia vitabu vya wenzao, akaita jambo hilo hiana. Azima isiyorudi ni maradhi ya zamani.

Penye daftari pana wadanganyifu, na silaha dhidi yao ilikuwa tarehe. Ismail bin Ayyash alipomsikia mtu akihadithia kutoka kwa Khalid bin Madan, alimuuliza: uliandika kwake mwaka gani? Akajibu, 113. Ismail akamwambia: basi wewe unadai umemsikia miaka saba baada ya kufa kwake. Khalid alikufa 106. Vitabu vile vinene vya tarehe za kuzaliwa na kufa, ambavyo msomaji wa leo huviona vikavu, viliandikwa kwa ajili ya maswali ya namna hii.

Udhaifu wa kawaida haukuwa uongo bali uchovu. Msomaji alimeza maneno, watu walipiga porojo, wengine waliandika mambo yao. Al-Daraqutni (alifariki 385 H, 995), akiwa kijana, alikuwa ananakili juzuu nyingine shehe akiimla. Jirani yake akamwambia usikilizaji wako haufai. Akamuuliza, unajua shehe ameimla hadithi ngapi? Hakujua. Al-Daraqutni akasema kumi na nane, akazitaja zote kwa mpangilio, sanadi na matini, yaani maneno yenyewe. Lakini al-Daraqutni ni mmoja. Kwa wengine ilibuniwa kinga: mwisho wa kikao shehe aliwapa wote waliohudhuria ijaza, yaani ruhusa ya kuhadithia, ya kitabu kilekile, ili kilichopita bila kusikika kipatikane kwa ruhusa. Ibn Attab wa Andalusia alisema hakuna usikilizaji unaojitosheleza bila ijaza, na alikuwa na haki.

Ijaza nayo, ikaanza kutembea bila mtu. Ilitosha kuandika karatasi ya maombi, ukapanga majina: wewe, ndugu zako, mkeo, mtoto aliyezaliwa juzi. Msafiri akaitia mkobani, na kila mji aliopita akawapa mashehe watie mikono yao. Mtoto alikua akajikuta ana ruhusa za wazee wa miji ambayo hajawahi kuikanyaga. Zaynab bint al-Kamal wa Damascus (646–740 H, yaani 1248–1339) alikusanyiwa hivyo tangu udogoni, akaishi zaidi ya miaka tisini, na mwishowe akawa ndiye pekee aliyebaki na haki ya kuhadithia juzuu zinazofikia mzigo wa ngamia. Ibn Battuta anamtaja katika orodha ya waliompa ijaza. Wapo waliovuka mpaka zaidi, wakawapa ijaza ambao hawajazaliwa, au "Waislamu wote walio hai wakati wangu". Ibn al-Salah hakuwakubalia. Alikuwa mkali hapo, ingawa mahali pengine alikiri waziwazi kwamba zama zake masharti yamelegezwa: hadithi zimekwisha kukusanywa vitabuni, hivyo shehe hatakiwi tena kuwa mjuzi; atosheke kuwa Mwislamu, baleghe, mwenye akili, asiyejulikana kwa ufasiki, usikilizaji wake uwe umeandikwa na mkono unaoaminika, na asomewe kutoka nakala inayolingana na asili. Kwa masharti hayo al-Hajjar alifaa kabisa.

Elimu nyingine haikupatikana hivyo. Fiqhi ilitaka kukaa, na madrasa kama Nizamiyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 459 H (1067), zilimpa mwanafunzi chumba na posho ya wakfu ili abaki na mwalimu mmoja miaka mingi. Mtu wa hadithi akipita mji kwa mwezi mmoja angeweza kurudi na sanadi ishirini. Mtu wa fiqhi kwa mwezi huo angekuwa bado yuko kwenye mlango wa twahara.

Malipo yalikuwa kidonda. Ahmad bin Hanbal alikataza kuandika hadithi kwa anayechukua ujira. Wengine walichukua, na uamuzi ninaouona wa kibinadamu zaidi ni wa Abu Ishaq al-Shirazi, mwalimu wa Nizamiyya. Ibn al-Naqur (alifariki 470 H) alimwendea kwa sababu wanafunzi wamejaa mlangoni pake, hapati nafasi ya kuchumia watoto wake. Akapewa fatwa kwamba achukue.

Hasara kubwa ya msafiri ilikuwa karatasi. Ibn Asakir wa Damascus (1105–1176), aliyewasikiliza mashehe 1,300 wanaume na wanawake themanini na zaidi, huko Khurasani hakunakili baadhi ya vitabu, akitegemea nakala za mwenzake wa safari. Yeye akarudi kwao, mwenzake hakufika Damascus. Sikio lilikuwepo, kitabu hakipo, kwa hiyo hana cha kuhadithia. Alikuwa anafikiri kurudi tena Khurasani hadi al-Muradi, mwanachuoni mwingine aliyekuwa huko, alipowasili na nakala. Al-Silafi naye alijenga makao Iskandaria zaidi ya miaka sitini, watu wakimjia kutoka pande zote, na kila alichopata alinunulia vitabu asivyopata muda wa kuvitazama. Alipofariki mwaka 576 H (1180), makabati yalifunguliwa. Unyevu wa bahari ulikuwa umevigandanisha vitabu, vikabanduliwa kwa shoka, na vingi viliharibika.

Kwetu, Ibn Battuta alipita mwaka 1331, akalala usiku mmoja Mombasa, akaendelea hadi Kilwa. Watu hukumbuka sifa alizowapa sultani na mji. Kwa mada hii, kituo chenye habari zaidi ni Mogadishu. Kadhi aliyempokea, Ibn al-Burhan, asili yake Misri. Na alipangiwa malazi katika "nyumba ya wanafunzi", jengo lililotengwa kwa ajili ya kuwapokea wanaotafuta elimu, akaletewa wali wa samli na vitoweo, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu na pilipili. Nyumba ya wageni wa elimu haijengwi kwa ajili ya mgeni mmoja. Maana yake wageni wa namna hiyo walikuwa wakija mara kwa mara, kwa pepo za kusi na kaskazi.

Na walikuwa wakitoka pia. Miaka kadhaa baadaye, huko Hili, bandari ya pwani ya Malabar, Ibn Battuta alimkuta mwanachuoni mwema aitwaye Said, mtu wa Mogadishu. Alikuwa amesoma Makka miaka 14 na Madina miaka mingine kama hiyo, kisha akazunguka India na China. Msikiti wa Hili ulikuwa na wanafunzi waliolipwa posho kutokana na mali ya msikiti, na jiko lililopika chakula cha wapitao na cha maskini wa Kiislamu. Fedha zilitoka kwa mabaharia, waliouwekea msikiti huo nadhiri walipokuwa baharini.